Tumempoteza mdogo wetu daktari, mama anataka hela ya rambirambi isomeshe. Tuanzie wapi?

Habari za muda huu wakuu, naomba ushauri wa dhati, utani tuweke pembeni kwa leo.

Mdogo wangu alifariki mwezi wa tatu, ajali ya gari, alikuwa anarudi nyumbani ametoka shifti ya usiku. Miaka 29. Kasoma MD (shahada ya udaktari) miaka mitano, interni mwaka mmoja, akapata kazi hospitali ya wilaya, hata miaka miwili hajamaliza.

Baada ya gharama za msiba imebaki milioni 6.4. Baba anataka kaburi lijengewe marumaru, mashangazi wanasema apewe mama, na mama mwenyewe hataki kuigusa, anasema isomeshe mtoto wa mtu awe daktari. Mimi niko na mama. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake nilikuta kidaftari kwenye mfuko wa koti lake jeupe, kurasa za nyuma kaandika hela alizowakopesha wanafunzi waliokuja fildi pale hospitali. Nauli 15,000. Msosi 5,000. Nusu ya stetoskopu 40,000. Hakuna hata mstari mmoja uliokatwa kwamba umelipwa.

Sasa milioni sita ukiipeleka kwenye ada si inaisha tu? Na ni lazima tusajili kitu?

Mdau wa Mwanza: Pole sana mkuu, Mungu awape nguvu hasa mama. Kwa ada hapana, chuo binafsi mwaka mmoja tu wa MD unaweza kuimeza yote hiyo.

Dokta wa wilayani: Pole ndugu yangu, nimesoma hicho kidaftari nikanyamaza kwanza. Jibu mnalo humohumo. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo mara nyingi hafi kwa ada, anakwama kwenye vitu vidogo, bumu (hela ya kujikimu) limechelewa na yeye yuko wodini toka asubuhi hajala, au anaazima stetoskopu ya mwenzake kila raundi. Chukueni watu wawili wa mwaka wa nne au wa tano, hao wako wodini muda mwingi, muwape vifaa na hela ya kula. Jina la mdogo wako litakaa hapo.

Mdau wa hesabu: Poleni. Msile mtaji. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, unaanza na milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Tuseme mmepata asilimia 10, hiyo 6.4 inawapa 640,000 kila mwaka na mtaji upo palepale. Kusajili mnaweza kusajili bodi ya wadhamini pale RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), ila kwa hela hiyo mi ningeanza na akaunti ya pamoja yenye saini tatu, mmoja wao asiwe ndugu. Muandike na muhtasari wa kikao baba asaini, maana hela ya msiba inavunja ukoo msipoandikiana.

Mdau wa Moshi: Mimi niliwahi kusaidiwa hivi, kwa jina la marehemu pia. Naomba kitu kimoja tu, msimsimamishe mtoto wa watu mbele ya kadamnasi na picha na hundi ya kadibodi. Nililia siku ile na sio kwa furaha. Muacheni mshauri wa wanafunzi wa chuo awachagulie, nyie mwandikieni huyo mwanafunzi barua tu mkieleza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Barua ya hivyo ningeitunza mpaka leo.

Mdau wa Kampala: Kuhusu mzee msimpinge. Dk. Matthew Lukwiya aliyefariki kwa Ebola Desemba 2000 kazikwa palepale hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, alikokuwa anafanya kazi, kaburi lipo na kazi inaendelea. Mjengeeni mzee kaburi la saruji la kawaida, marumaru itakuja baadaye. Baba naye kafiwa.

Mleta uzi: Nashukuruni sana wote. Nimempigia mama nikamsomea ya dokta wa wilayani, akaniuliza stetoskopu moja shilingi ngapi. Hilo la baba nimelipokea, kweli tulikuwa tunamsema tu hatujakaa naye hata mara moja. Tumekubaliana laki nne iende kwenye kaburi, milioni 6 ibaki. Kikao Jumapili, kidaftari nakwenda nacho nimpe baba asome mwenyewe, hajakiona bado.