Tupeane uzoefu: gari la kukodi, mwenza msiyefunga naye ndoa, na bima

Wakuu, salamu. Naomba tukusanye hapa visa vya wanaoishi na mwenza bila ndoa, mkakodi gari na kupokezana usukani. Mume na mke wana njia yao iliyonyooka. Sisi wengine tunajua tunaposimama siku gari likishaguswa.

Naanza. Mwenzangu alikodi kwa jina lake, akalipia na kinga ya uharibifu ya kila siku, ile ya kampuni ya kukodisha ili usidaiwe gari likiharibika. Kaunta tuliambiwa kwa mdomo, "Hata huyu anaruhusiwa kuendesha." Nikiwa nimeshika usukani, mtu alirudi nyuma kwenye maegesho akabonyeza mlango wetu na kuondoka zake. Wakati wa kurudisha gari, mkaguzi alipitisha kidole kwenye mkunjo wa bati, akapiga picha, akauliza swali moja tu: nani alikuwa anaendesha? Kisha akafungua mkataba. Kwenye nafasi ya dereva wa ziada palikuwa na kistari tu. Kinga ikafa hapohapo. Tulidaiwa matengenezo, siku ambazo gari lililala gereji bila kukodishwa, na gharama za kushughulikia faili. Yule wa kaunta hakuonekana. Bado inaniuma, maana pesa ya kinga walishaipokea.

Mama Neema: Pole sana ndugu yangu. Sisi tulipofika kaunta nilisema wazi: tunaishi pamoja, hatujafunga ndoa, wote tutaendesha. Mwenzangu akatoa leseni, jina likaandikwa. Tulilipia dereva wa ziada, ila niliuliza kwanza kama ada inasamehewa. Ulizeni, kwa sababu kuna kampuni zinazosamehe wanandoa peke yao, na nyingine zinamhesabu hata mwenza wa nyumbani.

Wakala Mstaafu: Niliuza bima za magari Marekani kwa miaka mingi, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kwenye bima ya kawaida ya gari binafsi kule, mume au mke anayeishi nyumba moja na mwenye bima anahesabika pamoja naye. Wengine wanaohesabika ni ndugu wa nyumba hiyo: wa damu, wa ndoa au wa kuasili. Mwenza wa miaka kumi asiye na cheti hayumo.

Akiendesha gari lako mwenyewe kwa ruhusa yako, kwa kawaida analindwa, kwa sababu ulinzi unalifuata gari. Gari la kukodi si lako. Hapo bima yako inamfuata mtu: wewe na ndugu wa nyumba yako. Mwenzako akigonga, bima yako inaweza kukataa kulipa uharibifu wa gari lile, na ikakataa pia kumtetea yeye akidaiwa na aliyegongwa. Hilo la pili ndilo zito, jamani. Bati lina bei yake, lakini mtu akiumia deni halina mwisho.

Sheria za majimbo nazo zinatofautiana. California inamtambua mume au mke wa aliyekodi gari kuwa dereva halali hata asipoandikwa, mradi ana leseni na ametimiza umri unaotakiwa. Mpenzi tu lazima aandikwe kwenye mkataba.

Kijana wa Safari: Mimi nilitegemea kinga ya kadi ya mkopo, na ilinilipia. Masharti yao: mwenye kadi awe ndiye mkodi mkuu, alipie gari lote kwa kadi hiyo, akatae kinga ya kampuni ya kukodisha, na anayeendesha awe ameandikwa kwenye mkataba. Walidai nakala ya mkataba kabla ya kitu kingine chochote. Kumbukeni kadi hizi nyingi zinalipa uharibifu wa gari lenyewe, si majeruhi.

Dada Rehema: Mwenzangu hana gari, kwa hiyo hana bima. Alikata ile ya dereva asiyemiliki gari. Inalipa watu na mali atakayogonga, gari lenyewe la kukodi hailigusi, ndiyo maana tunanunua na kinga ya kampuni.

Mgeni: Samahani wakubwa, mchumba wangu tayari yupo kwenye bima yangu kama dereva aliyeorodheshwa. Si inatosha?

Wakala Mstaafu: Hapana, mwanangu. Kuorodheshwa kunamweka kwenye hesabu ya ada na kwenye gari lako. Ili ulinzi umfuate hadi gari la kukodi, mara nyingi inabidi awe mwenye bima sawa na wewe, jina lake likae kando ya lako kwenye ukurasa wa kwanza wa bima. Kuna kampuni zinazokubali hivyo kwa wanaoishi pamoja. Mwandikie wakala wako kwa barua pepe, muulize hasa kuhusu gari la kukodi mchumba akiwa anaendesha, na jibu lake ulihifadhi kabla hujasaini mkataba wa gari.