Njia Panda ya Kidahwe imefutwa, na aliyeifuta mnamjua

Wakuu, naandika mkono ukitetemeka. Usiku wa kuamkia leo yule bwana, ambaye hakuna mchora ramani wa Kigoma asiyemjua, ameifuta Njia Panda ya Kidahwe niliyokwenda kuiweka mimi mwenyewe, juani, kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, na mahali pa maelezo ameacha maneno matatu: "Makutano si mahali."

Makutano si mahali! Pale ndipo anayekwenda Kasulu anapoachana na anayekwenda Uvinza, na hata mbuzi wa Kidahwe wakikuuliza njia watakutajia jina hilo. Leo dereva wetu mgeni wa Fuso aliitafuta njia panda hiyo kwenye simu, akakuta mistari inakutana bila herufi hata moja, akabahatisha, na sasa amenipigia yuko Uvinza na saruji ya watu wa Kasulu. Namlalamikia yule bwana, ananijibu niweke namba. Namba ipi, ilhali pale hakuna kibao chenye namba? OpenStreetMap yenyewe ina alama mahsusi ya makutano yenye jina, mbali na ile ya namba za njia za kutokea kwenye barabara kuu, lakini yeye ameshaamua kwamba makutano si mahali. Si mahali, wakuu!

Mgebuka Mkavu: Pole, mleta uzi, lakini dereva aliyepita wauza mahindi wote wale bila kuuliza hakupotezwa na ramani.

Wa Gongoni: Afadhali ninyi mmefutiwa. Sisi huku Tabora, pale Ipole ambapo njia ya Rungwa inaachana na ya Mpanda, simu yangu inaonyesha jina la genge lililokwisha kufungwa, na kila abiria ananiuliza nyanya ziko wapi.

Fundi Rula: Namba si dhambi. Uingereza ukiambiwa utoke makutano namba 10 ya barabara kuu ya M25, kibao kinakuonyesha 10. Japani nako jina la makutano huning'inizwa kwenye taa za barabarani. Ramani hunakili kibao, basi bandikeni kibao kwanza.

Mleta uzi: Kwa hiyo bila bati hatuna mahali? Maneno matatu, ndugu yangu!

Bibi Kipilefti: Mnalilia Kidahwe wakati hapa Mwanga mwanangu ananielekeza "kipilefti", dereva wa bajaji anasema "mzunguko", na simu inasema "pinda kulia" tu, kana kwamba inazungumza na ng'ombe.

Wa Gongoni: Kipilefti ndilo jina sahihi.

Mgebuka Mkavu: Mzunguko.

Mleta uzi: Mada ni Njia Panda ya Kidahwe!

Bibi Kipilefti: Tumesikia, baba. Huyo dereva wako, kwa kuwa ameshafika Uvinza, mwambie aniletee chumvi kilo tano, na akirudi ashukie kipilefti.