Kambi za maonyesho za jeshi la Washington: dohani ya saruji, moto hamna, kiingilio juu

Wakuu, hizi kambi za kuigizia vita vya uhuru vya Marekani zimezidi. Zinajinadi kwa jina la Valley Forge, kambi ya Pennsylvania ambako jeshi la Jenerali George Washington lilikaa majira ya baridi ya 1777 hadi 1778, ukiingia unakuta vibanda safi kama stoo ya mahindi.

Amri ya Washington ya Desemba 18, 1777 ipo, na kila mtu anaweza kuisoma. Kibanda ni futi 14 kwa 16, kuta za magogo zenye kimo cha futi 6 na nusu, watu 12 ndani. Mianya ikandikwe udongo, paa liwe la mabanzi, mlango utazame njia, meko yakae nyuma. Meko hayo ni ya mbao, ndani yamekandikwa udongo wa inchi 18, na dohani nayo ni ya mbao na udongo. Sasa mtu anajenga kwa matofali na saruji, halafu mwongozaji anawaambia watoto hivyo ndivyo walivyoishi!

Udongo ndio somo lenyewe. Ukipasuka, moto unaramba mbao. Kuni mbichi nazo zinafuka, watu 12 wanakohoa hadi alfajiri. Paa liliwatesa kiasi kwamba Washington aliahidi dola 100 kwa atakayebuni namna ya kuezeka kwa gharama ndogo na kwa haraka. Hilo halitajwi.

Kinachotajwa ni theluji tu. Askari karibu 2,000 walikufa pale kwa maradhi: homa ya matumbo, homa ya chawa, kuhara damu. Theluthi mbili yao walikufa kati ya Machi na Mei, baridi ikiwa inaondoka! Sasa nionyesheni kambi yenye shimo la choo la mfano. Hamna, ila duka la sumaku za friji halikosekani.

Halafu gumegume, bunduki ya kale inayowashwa kwa cheche za jiwe. Baruti kidogo kwenye kisahani kilicho ubavuni mwa mtutu, funika, inayobaki mimina mtutuni. Kwenye maonyesho hakuna risasi wala mdeki (fimbo ya kushindilia), na hapo wako sahihi. Tatizo ni kisahani kikiwaka na mtutu ukanyamaza: mwigizaji anacheka, anageukia watu, anavuta tena. Wewe! Hapo masizi yameziba kitundu cha kupitisha moto kutoka kisahanini hadi mtutuni, na baruti bado imo ndani. Mtutu ubaki umeelekea kusiko na watu, usubiri, kisha uzibue kitundu kwa sindano. Cheche zisipotoka kabisa, jiwe limekuwa butu au limelegea kwenye kingozi chake. Linolewe au likazwe. Na baruti haimiminwi kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti moja kwa moja mtutuni, maana kaa lililobaki ndani linatosha kuilipua pembe nzima mkononi. Kipimo cha risasi moja kinafungwa kwenye karatasi, kama walivyofanya wao.

Mkienda, kabla ya yote chungulieni dohani kwa ndani. Mkikuta saruji, rudini getini mkadai hela yenu.