Sekunde za kuvuka barabara zipigiwe hesabu kwa mwendo wa nani?

Mwanzisha mada: Wakuu habari za asubuhi. Hii TANZAM yetu, barabara kuu ya kwenda Zambia, hapa Mbeya inapanuliwa njia nne, kuanzia Nsalaga kuelekea Ifisi, sasa kabla hawajafunga taa za waenda kwa miguu tuongee mapema. Muda wa kumalizia kuvuka haukisiwi, wanachukua upana wa barabara wanagawa kwa mwendo wa mtu, na mwendo uliozoeleka ni mita 1.2 kwa sekunde. Njia nne za mita 3.5 ni mita 14, kwahiyo unapewa kama sekunde 12 hivi. Ila Uingereza walipowapima wazee wa miaka 65 kwenda juu, wanaume wastani ulikuwa 0.9, wanawake 0.8. Bibi wa 0.8 anataka sekunde 17 na nusu. Yaani magari yanaruhusiwa yeye kabakiza njia nzima na zaidi, na lori la Tunduma liko ubavuni kwake.

Juzi Mwanjelwa nimemvusha bibi mmoja kwenye zebra, ndoo ya parachichi kichwani, ndala moja imekatika anaiburuza, tulivyofika katikati bodaboda zikaanza kutupita mbele na nyuma, nimemshika mkono nausikia unavyotetemeka. Sijalisahau hilo.

Dereva wa malori: Mkuu nakuelewa, lakini kusimamisha mzigo wa tani 30 kwenye kilima na kuuondoa tena si kazi ndogo, ukiongeza sekunde kila taa foleni itafika Uyole. Wazee wasindikizwe.

Mama wa Iringa: Wasindikizwe na nani kaka yangu? Mimi nina mmoja mgongoni na wa miaka mitatu namshika mkono, mwendo wangu ni wa huyo mdogo. Si wazee tu.

Mwanzisha mada: Dada umenena. Kaka dereva, foleni siipingi, ni kweli kabisa. Ndo maana Singapore tangu 2009 mzee anagusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa anaongezewa sekunde, asipokuwepo taa zinaenda kama kawaida. Marekani nao mwaka huohuo walishusha hesabu toka 1.2 mpaka 1.07. Kama kadi ni gharama basi wajenge kisiwa katikati, kipana cha kutosha mama na watoto wake, mtu avuke njia mbili, asimame, avuke mbili zingine. Ila kumwambia bibi akimbie na ndoo kichwani, hapo hatutaelewana.