Naomba ushauri: kuingia katika jengo la kanisa lililoachwa

Mpigapicha wa Jioni
Ndugu wanajamvi, kuna kanisa la mawe ambalo halijasaliwa kwa miaka mingi, nami ninatamani sana kulipiga picha kwa ndani. Mlango wa sakristia, yaani chumba cha maandalizi ya ibada, hauna kufuli. Wiki iliyopita niliusukuma, nikatanguliza mguu mmoja, na ubao ukabonyea chini ya kisigino kama godoro, nikaurudisha mguu upesi. Nikiwa pale mlangoni niliona mabenchi yangali yameelekea madhabahuni, namba za nyimbo za ibada ya mwisho zikiwa bado kwenye kibao chake ukutani, na kinyesi cha ndege kikiwa kimefunika ngazi ya roshani ya kwaya. Je, niingie kwa namna gani ili nisidhurike, na je, kukosekana kwa kufuli kunatosha kuwa ruhusa?

Fundi Boriti
Ubao ulioanza kubonyea hivyo umekunywa maji kwa muda mrefu. Wengi watakuambia utembee kando ya ukuta, na kwa kawaida huo ni ushauri mzuri, lakini katika jengo la mawe ambalo paa lake linavuja, ncha za boriti zilizochomekwa ukutani ndizo ambazo mara nyingi huoza kwanza, kwa kuwa ukuta wenye unyevu huzilowesha bila kuzipa nafasi ya kukauka. Kwa hiyo zunguka nje kwanza ulitazame paa, na popote lilipotoboka, usikanyage sakafu iliyo chini yake. Roshani na mnara achana navyo kabisa. Kamba ya kengele usiivute hata kwa utani, maana hujui fremu inayoibeba imebaki na nguvu gani.

Nesi wa Zamu
Mimi kinachonitia hofu zaidi ni hicho kinyesi. Kuvu aitwaye Histoplasma huota katika kinyesi cha ndege na cha popo, na kikitifuliwa, mbegu zake hupeperuka pamoja na vumbi na kuvutwa hadi mapafuni. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la N95 au FFP2, inayobana uso vizuri, wala usifagie chochote ili picha ipendeze. Mwenye kinga dhaifu ya mwili asiingie kabisa. Vipande vya dari vilivyovunjika navyo usivishike, kwa sababu huenda vina asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Mzururaji
Mnamtisha bure. Kanisa la City Methodist kule Gary, jimbo la Indiana, Marekani, lilifungwa mwaka 1975 na likaungua mwaka 1997, na hadi leo wapiga picha humiminika humo.

Mzee wa Usharika
Ndugu Mzururaji, wingi wa wanaoingia hauimarishi sakafu. Tena kanisa lililofungwa si shamba la bibi. Lina mwenyewe, awe usharika, dayosisi au aliyelinunua. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu askofu kulitoa kanisa kwa matumizi ya kawaida, ila yasiwe ya aibu, kwa hiyo hata baada ya ibada kukoma jengo linadai heshima. Andika barua, eleza siku na saa unayotaka kuingia, kisha omba ufuatane na mtu anayelifahamu jengo, kwa kuwa baadhi ya makanisa yana makaburi chini ya sakafu na ramani ya hayo huenda imo kichwani mwake tu. Zile namba za nyimbo usizipange upya.

Mpigapicha wa Jioni
Nawashukuru nyote. Barua nimeiandika leo, na kwa sasa nitapiga picha nikiwa nje, kupitia madirisha. Nina swali moja dogo kwa Nesi: kiatu nilichotanguliza ndani kina kinyesi kilichokauka kwenye soli, nikisafisheje?

Nesi wa Zamu
Usikikwangue kikiwa kikavu. Kiatu kipeleke nje, ukiloweshe kwa maji yenye sabuni hadi kinyesi kilainike, ukipanguse kwa kitambaa ambacho utakitupa, kisha unawe mikono.