Evangelion kwa vijana wa miaka 13 na 16: niwaruhusu?

Mlezi2: Wakuu, naomba ushauri. Vijana wawili, wa miaka 13 na 16, wanataka kuangalia Neon Genesis Evangelion, ile anime ya maroboti. Ukatili wake ukoje, na kuna episodi za kuruka? "Ni katuni tu" msiniandikie.

Kibodi: Mkuu, ziko 26, za 1995 hadi 1996, na uzito unaongezeka kadiri unavyokwenda. Elewa kwanza kwamba Eva, yaani hayo maroboti, si chuma kitupu. Ndani ya ile deraya kuna mwili wa nyama, ndiyo maana ikikatwa inavuja damu, na rubani wa miaka 14 anayasikia maumivu.

Ya 18 ndiyo ya kuogopa. Kompyuta inamnyang'anya usukani Shinji, yule rubani mhusika mkuu, roboti yake inairarua nyingine yenye mwanafunzi mwenzake ndani, naye anapiga kelele isimame, wapi! Ya 19 Eva inamla adui. Ya 24 haina damu nyingi ila ndiyo inayoganda kichwani: roboti imemshika mtu kiganjani, picha imesimama kama dakika nzima, hakuna kinachotikisika, kwaya ya Beethoven inaendelea kuimba. Halafu kitu kinadondoka majini.

Shangazi Mkavu: Damu mbona ndogo. Kuanzia ya 16 hadithi inahamia vichwani mwa watoto hawa: upweke, kujichukia, kutaka kupendwa. Ya 22 inaonyesha mama yake Asuka, rubani mwenzake Shinji, kajinyonga na mtoto ndiye anamkuta. Kijana mwenye sonona, au aliyewahi kujidhuru, asianze nayo sasa hivi, awe na 13 au 17. Mambo ya uchi yapo pia: mzaha tangu ya 2, na ya 20 kuna ngono inayosikika bila kuonyeshwa.

Mlezi2: Kwa hiyo niruke 18, 20 na 22?

Kibodi: Ukiruka 18, ya 19 haieleweki, maana hasira yote ya Shinji inatoka pale. Bora kusimama kuliko kuruka. Wa miaka 13 aishie ya 13. Ya 14 nusu yake ni marudio, kwa hiyo hapo ni kituo cha kawaida, hataona kama amekatiwa utamu. Wa 16 aendelee, ila 18 na 22 mkae naye, na zisiwe za mwisho kabla ya kulala.

Shangazi Mkavu: Hata hizo 13 mimi ningesubiri mwaka mmoja. Hapo tunatofautiana.

Fundi Rimoti: Mnasahau filamu. The End of Evangelion ya 1997 wote wawili wanyimwe kwa sasa. Inafungua na kitendo cha ngono kando ya msichana aliyepoteza fahamu hospitalini, kisha askari wanawapiga risasi watu wasio na silaha. Nayo ndiyo kitu cha kwanza watakachotafuta, kwa sababu episodi ya 26 inawaacha na maswali. Kwenye Netflix usitegemee kikomo cha umri peke yake. Ingia mipangilio ya wasifu wa mtoto, zuia filamu yenyewe kwa jina, kisha wekea PIN wasifu wako, la sivyo atapitia kwako.

Na usidanganyike kwamba filamu mpya, zile zinazosimulia hadithi upya, ni laini. Ya 2007 ndiyo, inafuata episodi sita za mwanzo. Ya 2009 inarudia ule mraruo wa ya 18, safari hii juu yake unapigwa wimbo mtulivu wa kitoto. Inatisha zaidi.

Mlezi2: Nimewapata. Wimbo wa kitoto tena! Naenda kuweka PIN.