Datsun 160J: kutoa kabureta na kuweka injekta, kazi inaanzia wapi?

Mwenye160J
Wadau, habari za jioni. Gari ni Datsun 160J, injini L16, kabureta ya koo mbili, distribyuta bado ni ya pointi (vile vikatizi vya umeme wa cheche). Hapa Nairobi inatoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Ikipanda Limuru inazidi, ikifika Mombasa inatulia. Nataka kuweka injekta (vipulizia petroli vya umeme) ila tangi lisikatwe. Fundi anasema ninunue kompyuta ya kuongoza injekta kwanza, mengine yatajipanga. Ni kweli?

KooMbili
Huo moshi ni wa mwinuko, kabureta haina kosa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mkandamizo wa hewa huku ni kama kPa 82, Mombasa ni 101. Hewa imepungua na jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) ni ileile, kwa hiyo petroli inazidi kwa asilimia 8 au 9 hivi. Kama jeti kuu ni namba 110, weka 105 na sehemu kubwa ya moshi itaisha. Ubaya wake ni kwamba ukishuka pwani na 105 injini itakosa petroli na kupata joto, lazima urudishe 110. Ukichoshwa na habari ya kubadilisha jeti kila safari, hapo ndipo injekta zina maana.

PampuKwanza
Fundi ameanzia mwisho. Ukikosea kompyuta, gari haliwaki. Ukikosea petroli, gari linawaka moto.

Pampu ya kabureta inatoa baa 0.3 hivi, injekta zinataka baa 3. Ile pampu ya zamani iliyo ubavuni mwa hedi usiitupe. Iache ijaze kitangi cha kati cha lita 1 au 1.5, ukifunge mbali na ekzosi. Pampu ya umeme inavuta chini ya kitangi hicho na kupeleka kwenye filta, reli ya injekta, halafu reguleta inayoshikilia zile baa 3. Petroli inayobaki inarudi kitangini. Juu kabisa ya kitangi toa bomba la milimita 8 la kurudisha ziada na mvuke hadi tangi kuu, kupitia bomba la kurudishia kama lipo, au shingo la kujazia. Ukiliacha hilo bomba, mvuke unakwama kitangini, na kwenye foleni ya Thika Road jua likiwa kali injini inazima na haiwaki hadi ipoe. Tangi lenyewe halikatwi.

Mipira ndiyo watu hubania pesa. Ukienda kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road usiombe "mpira wa petroli" tu, soma maandishi ubavuni: J30R9. Ule wa J30R7 ni wa kabureta, baa 3 si kazi yake. Na klipu za meno zinakata mpira, chukua za mkanda laini.

Mwenye160J
Nimeelewa. Na injekta ziwe za ukubwa gani?

KooMbili
Piga hesabu. Chukua farasi 90, zidisha kwa 0.5 (pauni za petroli kwa kila farasi kwa saa), gawanya kwa injekta 4 zinazofanya kazi asilimia 80 ya muda: unapata pauni 14 kwa saa, yaani cc 150 hivi kwa dakika. Za cc 180 hadi 200 zinatosha. Usidanganywe na za cc 440 kutoka injini ya tabo. Gari likisimama bila kukanyagwa zitashindwa kutoa kidogo, na moshi uliokuwa unaukimbia utarudi. Pima ohm pia: ziwe 12 hadi 16. Za ohm 2 au 3 zinaunguza kompyuta isipofungwa rezista.

Vishikio vya injekta vichomelewe kwenye manifoldi karibu na hedi, vielekee valvu. Alumini hupinda ikichomelewa, kwa hivyo uso wa manifoldi usawazishwe kwa mashine kabla ya kufungwa. Ukiruka hatua hiyo itavuta hewa ya wizi na utalaumu sensa bure.

WayaMoja
Naongeza ya umeme. Pointi haziwezi kuiambia kompyuta kasi ya injini vizuri, zina kelele nyingi za umeme. Funga gurudumu la meno 36 lililotolewa jino moja kwenye puli ya krenki, sensa iwe umbali wa milimita 1. Gurudumu likiyumba, kompyuta inapoteza hesabu na injini inakata kwa kasi kubwa. Plagi nazo ziwe za rezista ili kupunguza kelele hiyo: BPR6ES, si BP6ES. Waya za ardhi za sensa zote zikutane mahali pamoja.

Kabla ya kuwasha, fungua swichi tu na utazame sensa ya mkandamizo. Hapa Nairobi isome karibu 82. Ikisoma 100, kompyuta inadhani iko Mombasa na itamwaga petroli.

Hapo hapo sikiliza pampu: inguruma sekunde 2 kisha inyamaze. Ikiendelea wakati injini haizunguki, rilei (swichi ya umeme ya pampu) imefungwa vibaya. Usitoe gari nje ya geti hadi hilo lirekebishwe, kwa sababu ukigongwa na bomba likapasuka, pampu hiyo itaendelea kumwaga petroli kwa baa 3.